Kazi Isiyoandikwa kwenye Kadi

Chini ya mwarobaini ulioko nyuma ya nyumba yetu hapa Makutupora kuna gari lililokaa juu ya magogo tangu mavuno ya zabibu ya mwezi wa tatu. Ni Land Cruiser ya zamani, ile ndefu yenye milango minne na mlango mkubwa wa nyuma, ya toleo lililotengenezwa kati ya mwaka 1980 na 1990. Marehemu baba alilinunua mwaka 1994, kwenye mnada wa mali za mradi mmoja uliokuwa umefunga shughuli zake, akalilipia kwa fedha za kiinua mgongo huku mama akimwuliza kama amerogwa. Watu wengine wakistaafu hununua mashine ya kusaga, au hujenga vyumba vya kupangisha mjini. Baba alinunua chuma kinachokunywa petroli kama ng'ombe aliyetoka mbugani wakati wa kiangazi.

Nataka kubadilisha injini ya gari hilo. Ndugu msomaji anaweza kujiuliza mambo ya gereji yanahusu nini na kitabu cha tafakuri. Nami nilijiuliza hivyo hivyo, mpaka nilipokaa na fundi kupanga kazi yenyewe, siku baada ya siku, daftari mkononi.

Nianze na hali ilivyo. Injini iliyomo ni ya petroli, ile ambayo mafundi huijua kwa jina la 2F, yenye silinda sita zilizopangwa mstari mmoja na ujazo wa lita 4.2. Ni injini ya kiungwana. Haina haraka, haina makuu, na imesamehe makosa mengi ya udereva wetu. Lakini kwa lita moja inakwenda kilomita 4, na ikijitahidi sana 5. Sasa ringi zimekwisha, silinda mbili hazina kompresheni ya kutosha, na moshi wa buluu ulikuwa ukitutangulia sokoni hata kabla hatujafika. Fundi alisema inaweza kufanyiwa ovahoo, ila spea zake siku hizi ni za kutafuta kwa tochi. Yeye alishauri tuweke injini ya dizeli ya 1HZ, ambayo nayo ni silinda sita za mstari mmoja na lita 4.2. Ilianza kutumika mwaka 1990, na magari yanayoitumia yamejaa nchi hii, katika hospitali, misheni, mbuga za wanyama na miradi ya maji, kiasi kwamba spea zake hazimsumbui mtu. Nguvu za injini hizi mbili zinakaribiana sana. Tofauti ni tumbo: dizeli ile, katika gari zito kama letu, inaweza kufika kilomita 8 kwa lita. Gari likitembea kilomita 1,000 kwa mwezi, injini ya zamani inataka lita 250 na hii nyingine kama nusu yake. Hesabu hiyo haihitaji mwalimu, ingawa mwalimu ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote.

Nilimpigia simu mdogo wangu aliyeko Dar es Salaam, kwa kuwa gari ni letu sote. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Kaka, ukiitoa injini hiyo, gari la baba limekwisha. Litabaki gari tu. Kama ni hivyo, tuliuze sasa, lingali bado la kwake."

Maneno yale yalinikaa. Wagogo wa hapa wana nyumba yao ya tembe, yenye paa bapa la udongo lililolazwa juu ya miti. Mchwa wa Dodoma hawana likizo. Kila baada ya misimu kadhaa nguzo moja inaliwa, inang'olewa, na nyingine inasimikwa mahali pake. Udongo wa paa nao unashindiliwa upya baada ya mvua kuuchukua. Mjukuu anayelala humo leo huenda hana juu yake mti hata mmoja uliokatwa na babu yake, na bado anasema bila kusitasita kwamba lile ni tembe la babu. Hakuna anayembishia. Wagiriki waliwahi kubishana juu ya jambo kama hilo: Plutarch aliandika, yapata miaka 1,900 iliyopita, kwamba watu wa Athens waliihifadhi merikebu ya shujaa wao Theseus, wakawa wanatoa ubao uliooza na kutia mpya, mpaka wanafalsafa wakagawanyika, hawa wakisema ni merikebu ile ile, wale wakisema siyo. Mwaka 1655 Mwingereza Thomas Hobbes akaongeza uchokozi wake. Je, kama mtu angeziokota zile mbao kuukuu moja moja na kuziunga tena kwa mpangilio wake wa awali, tungekuwa na merikebu mbili za Theseus?

Serikali, ambayo haina nafasi ya kumsubiri Plutarch, ilikwisha kukata shauri. Kadi ya gari ina namba mbili, ya chasisi na ya injini. Ukibadili injini unapaswa kwenda na nyaraka zako TRA, namba ya injini irekebishwe, na gari linaendelea kuwa lile lile. Kwa maneno mengine, kwa mujibu wa kadi gari ni mifupa yake, na moyo ni kitu cha kubadilishwa.

Na moyo wenyewe tumekwisha kuuona ukibadilishwa. Tarehe 3 Desemba 1967, mjini Cape Town, daktari Christiaan Barnard alimwekea Louis Washkansky moyo wa binti aliyekuwa amefariki kwa ajali. Hakuna aliyesema kuwa aliyeamka kitandani ni mtu mwingine. Hapa hapa Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa imekuwa ikipandikiza figo tangu mwaka 2018, na mgonjwa anarudi nyumbani kwa jina lake, kwa mkewe, na kwa madeni yake. Kwa hiyo nilimjibu mdogo wangu kwamba hofu yake haina msingi. Nilijiona nimeshinda. Washkansky aliishi siku 18. Moyo mpya ulikuwa ukidunda vizuri. Kilichomuua ni nimonia, kwa sababu dawa alizopewa ili mwili usiukatae moyo ule ziliudhoofisha mwili usiweze kupigana na maradhi. Sehemu hii ya habari sikuitia maanani, mpaka fundi alipofungua daftari lake.

Fundi wangu ni mzee mwenye maneno machache, na daftari lake ni la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Kwanza hakuandika lolote juu ya injini mpya. Alikaa siku nzima kwenye kigoda mbele ya boneti iliyofunguliwa, akiiangalia ile ya zamani na kuandika kila waya, kila mpira na kila bomba linaloiingia au kuitoka. Nilipomwuliza kwa nini anapoteza muda juu ya kitu tunachokwenda kukitupa, alisema: "Mwalimu, hii imefanya kazi humu zaidi ya miaka thelathini. Najua kazi yake kubwa. Natafuta zile nyingine."

Zile nyingine! Zilikuwepo kumbe, na mimi niliyeliendesha gari lile miaka yote sikuzijua. Mathalani, waya mwembamba uliotoka kwenye koili ndio uliokuwa ukiipa taarifa saa ya mizunguko kwenye dashibodi; dizeli haina koili wala plagi za cheche, kwa hiyo saa hiyo itakufa isipotafutiwa namna nyingine. Bomba la mafuta lazima liongezewe mwenzake wa kurudisha, kwa maana pampu ya dizeli huchukua mafuta mengi kuliko inayoyachoma na yanayobaki hurudi tangini. Maunti za injini, mfuniko wa klachi, rejeta, ekzosi, hayo yote yanaonekana kwa macho na fundi yeyote angeyakumbuka. Lakini katika mstari wa kumi na saba, chini ya waya wa feni ya hita ambayo hapa Dodoma hatujapata kuiwasha, aliandika neno moja na kulizungushia duara mara mbili: breki.

Nilishangaa. Breki na injini wapi na wapi? Akanieleza polepole, kama mtu anayemfundisha mwalimu. Gari zito namna hii, ukikanyaga breki, mguu wako peke yake hautoshi kulisimamisha. Kuna dude la mviringo kama sufuria, mbele ya dereva, upande wa pili wa ukuta wa injini, linaloitwa busta. Busta inausaidia mguu kwa kutumia mvuto wa hewa, na mvuto huo hautengenezwi na chombo chochote maalumu. Unatokana na injini ya petroli yenyewe. Ndani ya kabureta kuna kilango kinachofungwa unapoachia mafuta. Pistoni zinaendelea kuvuta hewa, hewa haipiti, na mvuto unabaki nyuma ya kilango. Bomba dogo la mpira linaupeleka kwenye busta. Basi. Kila ulipoondoa mguu kwenye mafuta ili ufunge breki, injini ile ile uliyokuwa ukiituliza ndiyo iliyokuwa ikikusaidia kusimama, bila malipo na bila kutajwa. Dizeli tuliyokuwa tunaitaka haina kilango hicho. Inavuta hewa yote inayoitaka, inaigandamiza zaidi ya mara 22, na mafuta yanawaka yenyewe kwa joto. Haina mvuto wa kumgawia mtu. Ndiyo maana walioitengeneza waliiwekea pampu ndogo ya mvuto nyuma ya altaneta. Na hapo ndipo penye mtego, maana wauza injini zilizotumika aghalabu huifungua altaneta na kuiuza peke yake. Unanunua injini uchi. Fundi asiye makini anaifunga altaneta yoyote ya sokoni, taa zinawaka, betri inachajiwa, gari linanguruma vizuri na kupanda mlima bila kukohoa. Mnasherehekea. Shida haionekani kwenye mlima wa kupanda.

Alinisimulia gari moja lililobadilishwa hivyo kwenye gereji asiyotaka kuitaja. Mwenye gari aliendesha siku mbili akiona tu kwamba breki zimekuwa ngumu, akadhani ni mafuta ya breki. Siku ya tatu, kwenye mteremko, akiwa na abiria na magunia, alikanyaga kwa miguu miwili. Waliokolewa na kichuguu. "Kichuguu, Mwalimu," alirudia, kama vile hilo ndilo lililomuudhi, kwamba watu wazima walipona kwa hisani ya mchwa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitembea na swali lililoniondolea usingizi zaidi ya lile la Plutarch. Sijiulizi tena kama gari litakuwa lile lile. Ninajiuliza tunawezaje kwa haki kukiondoa kitu, au mtu, mahali pake, ikiwa tunaijua tu ile kazi yake iliyoandikwa kwenye kadi.

Kongwa si mbali na hapa, yapata kilomita 90 mashariki ya Dodoma mjini. Mwaka 1946 Waingereza walituma wataalamu kuja kutazama kama karanga zinaweza kulimwa kwa mashine katika Tanganyika na nchi jirani. Walizunguka kwa wiki tisa, sehemu kubwa wakitazama kutoka angani, wakarudi na mpango wa zaidi ya ekari milioni tatu. Kazi ilianza mwaka 1947, na Kongwa ikawa ya kwanza. Matrekta yalipokosekana walileta hata vifaru vya vita vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta na kampuni ya Vickers, yaani nao walikuwa wakibadilisha vyombo kazi, kama mimi. Kwenye karatasi za mpango, pori la Ugogo lilikuwa na kazi moja tu, nayo ni kuzuia karanga zisipandwe. Likang'olewa. Ndipo udongo ulipojitambulisha: wakati wa jua unakauka na kuwa mgumu kama tofali, karanga zinabaki humo ndani na majembe ya mashine yanavunjika. Mvua nazo zikaja kwa desturi yao, yaani zikaja zilipopenda. Wagogo waliokuwa jirani walikuwa wakilima mtama na uwele kwa sababu ambazo hazikuhitaji ndege kuzigundua. Mwezi Januari mwaka 1951 mpango ukafutwa, baada ya pauni zaidi ya milioni 30 kuteketea. Si kusudi langu kuwacheka wale mabwana. Walikuwa na njaa ya mafuta ya kula baada ya vita, walikuwa na haraka, na pori halina mdomo wa kueleza shughuli zake. Mimi nilikuwa na haraka kama yao, na gari halina mdomo.

Hata maji. Visima vya Makutupora ndivyo vilivyoinywesha Dodoma kwa miongo mingi, na mtu akifungua bomba mjini hafikirii mchanga na miamba iliyoko chini ya miguu yetu huku. Mwaka 2013 wanasayansi walichapisha uchunguzi wa kumbukumbu za miaka 55 za visima hivyo. Waliona kwamba maji ya chini hayajazwi kidogo kidogo kila mwaka kama wengi tulivyodhani. Yanajazwa katika misimu michache ya mvua kubwa mno, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998, mvua ile ile tuliyoilaani kwa kukata barabara na kubomoa nyumba. Tulikuwa tukiilaani nayo inatuwekea akiba.

Nisiende mbali. Mama yetu alipofariki tulikaa kikao cha familia, tukagawana wajibu wake kama watu wenye akili. Shamba la zabibu alichukua dada. Mbuzi walihamia kwa shangazi. Mimi nilipewa nyumba na ada za wajukuu wawili, mdogo wangu akachukua jukumu la matibabu ya baba. Tuliandika yote kwenye karatasi na kila mtu akatia sahihi. Hakuna aliyeandika kwamba mama alikuwa na desturi ya kunipigia mimi simu kila Jumapili akisema, "Mdogo wako anakusalimu," kisha anampigia yeye na kumwambia, "Kaka yako anakuulizia." Salamu zile nyingi alizitunga mwenyewe. Tulikuja kulijua hilo tulipolinganisha maneno, miaka baadaye, na wakati huo tulikuwa tumekwisha kukaa karibu miaka miwili bila kuzungumza jambo lolote isipokuwa fedha. Hakuna ugomvi uliotokea. Kitu fulani tu kilikuwa kimekuwa kigumu, tukadhani ni maisha ya mjini.

Baba naye alipofuata, hatukufungua mirathi. Tulisema tutafanya. Kadi ya gari mpaka leo ina jina lake. Kuliendesha hivyo kunawezekana, wengi wanafanya, lakini kubadili namba ya injini kunahitaji mwenye gari, na mwenye gari amelala makaburini. Kwa hiyo injini hii imetulazimisha kufanya tulilolikwepa: kwenda mahakamani, kumteua msimamizi wa mirathi, kukaa chumba kimoja na kuulizana nani anataka nini. Niliiona hiyo kama usumbufu. Nilifikiri kumwambia fundi aifunge tu, kadi ibaki ilivyo, nani atafungua boneti kusoma namba? Na hapo ndipo lilipokuja jaribu la pili, maana majaribu hutembea wawili wawili kama polisi wa doria.

Kijana mmoja alikuja kwa fundi na habari ya 1HZ iliyoko mahali fulani, nzima, yenye altaneta yake na pampu yake, kwa bei iliyokuwa chini ya nusu ya ile tuliyokuwa tumetajiwa. Tulikwenda kuitazama. Ilikuwa injini nzuri. Fundi aliinama, akapitisha kidole mahali ambapo namba huchongwa kwenye bloku, akanionyesha. Palikuwa laini kama kigae. Mtu alikuwa amepiga msasa mpaka akamaliza.

Hapa nataka kuwa mkweli kwa msomaji, kwa kuwa ni rahisi mno kuandika kwamba niliikataa palepale. Sikuikataa palepale. Nililala nayo siku tatu, na hoja za upande ule hazikuwa za kipuuzi. Injini ilikwisha kuibwa, kama kweli iliibwa. Kuikataa kwangu hakumrudishii mwenyewe hata boliti. Fedha ambazo ningeokoa ni zile ambazo hatuna. Na tena gari hili halikuwa la kwenda harusini. Tangu enzi za baba, mtu akizidiwa usiku katika mtaa wetu, mlango unaogongwa ni wa kwetu. Mwezi wa sita mkwe wa jirani alishikwa na uchungu saa nane za usiku. Jirani aligonga kwa mazoea, akasahau kuwa gari liko juu ya magogo. Nilimwona akilitazama kwa mwanga wa simu yake, magurudumu hayapo. Walimpakia kwenye bodaboda, mama mmoja amemshika nyuma, wakaelekea mjini. Mtoto alizaliwa kabla hawajafika Veyula, kando ya barabara, kwa msaada wa wenye nyumba ya jirani na hapo. Wote wawili wazima, namshukuru Mungu. Lakini ningependa yule anayesema "haki itendeke hata mbingu zianguke" awe amesimama nami mlangoni usiku ule.

Kwa hiyo dhamiri yangu haikuwa imewekwa kati ya jema na baya. Ningependa ingekuwa hivyo. Kinachoniuma ni kwamba nikiikataa injini ile, si mimi nitakayelipa gharama. Mimi nina miguu, nina pensheni, hospitali naweza kwenda asubuhi kwa basi. Atakayelipa ni mwanamke mwingine wa mwezi ujao, ambaye hakuulizwa maoni yake juu ya injini zisizo na namba. Kuna uadilifu unaotozwa kwa watu wengine, na mwenye nao anatembea kifua mbele. Nimeuona kwa wakubwa na sasa nikauona kwangu.

Lililoniamua, mwishowe, halikuwa kanuni. Lilikuwa ni lile daftari. Nilikuwa nikifikiria kadi isiyobadilishwa na namba iliyosagwa kama mambo ya karatasi, nikajikuta najiuliza swali la fundi: je, hiyo namba inafanya kazi gani nyingine? Nayo inazo. Namba ile ndiyo inayomwezesha mtu aliyeibiwa Tabora au Nairobi kuamini kwamba bado kuna uwezekano. Ndiyo inayomfanya mwizi alazimike kuuza kwa nusu ya bei, na kama wanunuzi wangekosekana kabisa, asiuze. Ndiyo itakayomwezesha mwanangu, akisimamishwa barabarani saa nane za usiku na mgonjwa ndani, atoe kadi bila kutetemeka na aruhusiwe kuendelea. Gari la wagonjwa ambalo dereva wake anaogopa kila taa ya polisi si gari la kutegemewa. Litachagua njia za panya, litachelewa, na siku moja litakamatwa na kulala kituoni wakati mlango wetu unagongwa. Sisemi hoja hii inafuta ile ya yule mama wa kando ya barabara. Haiifuti. Nimezipima nikaona hii ina uzito zaidi kidogo, na kidogo hicho ndicho nilichokifuata. Niliporudi kumwambia fundi, alisema tu, "Haya," akageuza ukurasa.

Kwa hiyo gari bado liko juu ya magogo. Injini yenye karatasi tumekwisha kuiona, kwa mtu aliyelibomoa gari lake baada ya kupinduka na ambaye kadi yake ipo. Bei yake inatutoa jasho. Nimewaambia majirani waziwazi kwamba gari halitakuwa tayari kabla ya miezi kadhaa, ili mtu asije akagonga kwa mazoea, na tumekubaliana na mwenye gari dogo la abiria mtaa wa pili kwamba akiamshwa usiku tutachangia mafuta. Ni mpango dhaifu. Yeye mwenyewe husafiri mara mbili kwa wiki.

Ijumaa iliyopita mdogo wangu alikuja kwa treni ya SGR kwa ajili ya mirathi. Tangu treni hiyo ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024 hana tena kisingizio cha safari ya basi. Tulikwenda mahakamani pamoja na dada, tukarudi mchana, tukala ugali wa mtama, kisha akaenda peke yake nyuma ya nyumba. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda cha fundi, akilisoma lile daftari mstari kwa mstari, kidole kikishuka. Alifika kwenye duara.

"Breki?" akauliza. "Breki na injini wapi na wapi?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akaugusa ule mpira mwembamba unaotoka kwenye 2F kwenda kwenye busta, ambao umepasukapasuka kwa uzee. Alikaa kimya kwa muda.

"Hii ya zamani usiiuze skrepa, kaka," alisema. "Iweke bandani kwa mama."

Nikamwambia banda lile linavuja.

"Nitaleta mabati," akasema, akaanza kuhesabu kwa vidole ni mangapi.